UZI: Siku moja Lisbon mkiwa kundi la marafiki (ratiba, tiketi, vilima na dhahabu ya Kilwa)

Nahodha_Ramani (mwanzisha uzi)

Wakuu, swali moja linajirudia kila mara: kundi la watu sita au wanane linatoka London, Brussels au Paris, lina siku moja tu ya kutembea Lisbon, lianzie wapi? Tuweke majibu hapa. Mambo ya viza na ndege yana nyuzi zake, tuyaache huko. Saa nitakazotaja ni za Kiswahili, kwa hiyo saa tatu na nusu asubuhi ndiyo 09:30 iliyoandikwa kwenye tiketi.

Anzeni na ramani. Vitu vya kuona Lisbon viko mafungu mawili. Fungu la kwanza ni Belém, kando ya mto Tagus, kilomita kama sita magharibi ya katikati ya mji. La pili ni mji wa kale wenyewe: Baixa bondeni, Alfama na ngome juu ya kilima cha mashariki, Chiado na Bairro Alto kilima cha magharibi. Wengi huchanganya. Wanaanza ngomeni asubuhi, wanakwenda Belém saa sita mchana foleni ikiwa imeshajaa, kisha wanarudi tena mjini jioni wamechoka na bado hawajala. Siku imeishia kwenye usafiri.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu:

Saa mbili na nusu asubuhi muwe stesheni ya Cais do Sodré. Treni ya njia ya Cascais inafika Belém kwa dakika chache. Saa tatu na robo muwe mlangoni pa Monasteri ya Jerónimos, kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu. Baada ya hapo keki, mnara wa mabaharia, kisha muanze kurudi mjini kwa kupitia Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Chakula cha mchana kabla ya saa nane. Alasiri Baixa, ngome, kisha mnashuka Alfama kwa miguu. Jua likizama muwe Senhora do Monte, mahali pa juu pa kutazama mji.

Kanuni ya vilima: pandeni kwa chombo, shukeni kwa miguu. Kundi linalofanya kinyume chake hugawanyika njiani, nusu wako mbele na nusu wamekaa kwenye ngazi wanatafuta maji.

kipanga255

Mkuu, umeiacha tramu namba 28! Mtu afike Lisbon asipande 28?

Nahodha_Ramani

Sijaisahau, nimeiacha makusudi. Mabehewa yale ni ya miaka ya 1930, yana viti kama ishirini tu. Kundi la watu wanane kwenye foleni ya Martim Moniz, kituo inapoanzia, saa nne asubuhi litasubiri hata saa nzima, likipanda litasimama limebanana, na madirisha hawatayaona kwa sababu ya vichwa vya watu.

Mkiitaka kweli, kuna njia tatu. Ama mpande kabla ya saa mbili asubuhi. Ama mwanzie mwisho wa upande wa pili, Campo de Ourique (kituo cha Prazeres, mbele ya makaburi), ambako foleni ni fupi kwa kawaida na mnapata kuketi. Ama mchukue 12E, ambayo ni ileile tramu ndogo ya zamani lakini inazunguka kifupi tu kupitia Kanisa Kuu na Portas do Sol. Mimi ningechukua 12E.

Dada_Almada

Kwenye tiketi ndipo pesa zinapopotea, kwa hiyo niseme kwa urefu.

Kila mtu anunue kadi yake ya Navegante kwenye mashine za metro, senti 50. Kadi moja haiwezi kupitisha watu wawili safari moja, hata ukijaza euro mia. Hapo ndipo makundi hukwama getini: mmoja kanunua kadi moja "ya wote".

Juu ya kadi unaweka kitu kimoja kati ya viwili. Kuna salio la kawaida, wanaliita zapping, linakatwa kila unapogusa, chini kidogo ya euro mbili kwa safari. Na kuna tiketi ya saa 24 ya mabasi, tramu na metro, euro saba na ushee. Viwili hivi havikai pamoja kwenye kadi moja. Ukiwa na salio la zapping lililobaki, mashine haitakuuzia ya saa 24 mpaka uliishe, au ununue kadi nyingine. Ukilipa taslimu kwa dereva wa tramu ni zaidi ya euro tatu kwa safari moja, na kwenye tramu za kisasa za 15E dereva yuko kwenye chumba chake, hauzi chochote.

Sasa mtego mkubwa. Tiketi ya saa 24 ya Carris (shirika la mabasi na tramu) na Metro HAIINGII kwenye treni ya kwenda Belém. Treni ni ya shirika jingine, CP. Ipo tiketi ya saa 24 inayojumuisha CP lakini ni ghali zaidi. Zapping inaingia kote: treni, metro, basi, tramu, hata feri ya kuvuka mto. Kwa ratiba ya Nahodha, safari ni nne au tano, kwa hiyo zapping ya euro nane au tisa kwa kila mtu inatosha, na unaweza kupanda treni. Mwenye tiketi ya saa 24 aende Belém kwa tramu ya 15E au basi 714 au 728.

Metro inapokea kadi ya benki ya kugusa moja kwa moja getini. Tena kila mtu kadi yake.

kipanga255

Na ile Lisboa Card, kadi ya watalii?

Dada_Almada

Inalipa kama mtaingia kwenye majengo matatu au zaidi yenye kiingilio, na inajumuisha pia treni za Sintra na Cascais. Kama nia yenu ni kutembea mitaani, kupiga picha na kula, hamrudishi hela yenu. Na msidhani inawavusha foleni ya mlangoni Jerónimos. Inalipia kiingilio, kusubiri mnasubiri kama wengine.

BiKisauni

Salamu jamvini. Niongeze la Belém, kwa sababu ndilo lenye habari yetu sisi watu wa pwani, na watu hulipita wakikimbilia keki.

Jerónimos ina milango miwili. Mmoja ni wa ua wa ndani wa watawa, wenye kiingilio, na foleni ndefu ndiyo hiyo. Mwingine ni wa kanisa la Santa Maria de Belém, ambalo huwa halina kiingilio. Mkiwa na bajeti ndogo au muda mfupi, ingieni kanisani tu. Mkivuka mlango, mara moja upande wa kushoto chini ya roshani ni kaburi la Vasco da Gama. Kulia ni la mshairi Camões. Da Gama alifia Kochi, India, mwaka 1524. Mifupa yake ililetwa hapo baadaye sana, karne ya 19.

Jengo lilianza 1501 au 1502 kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye kodi ya asilimia tano ya biashara ya Afrika na Mashariki. Linasimama karibu na kikanisa ambamo da Gama na watu wake waliomba kabla ya kung'oa nanga Julai 1497. Aprili ya mwaka uliofuata walikuwa Mombasa, wakatoka kwa shari, wakaenda Malindi wakapata rubani wa kuwavusha hadi India. Aliyewahi kuiona nguzo ya da Gama kule Malindi aende akione na kituo cha kuanzia.

Kanisani Jumapili asubuhi kuna misa, msiende na kamera, nendeni mchana. Kofia zitolewe kichwani, sauti chini.

mtoto_wa_Ilala

Mama, na ile habari ya dhahabu ya Kilwa kwenye kichwa cha uzi ni kweli au chumvi?

BiKisauni

Kweli tupu, mwanangu. Mwaka 1502, safari yake ya pili, da Gama aliingia Kilwa na merikebu zenye mizinga akamlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kutoa kodi kwa mfalme wa Ureno. Mithqali 1,500 za dhahabu (mithqali ni kipimo cha kale cha uzito) zilifika Lisbon 1503. Mfalme Manuel aliamuru dhahabu ile itengenezwe monstransi, kile chombo cha Wakatoliki cha kuonyeshea Ekaristi. Sonara aliitwa Gil Vicente, akaimaliza 1506. Inaitwa Custódia de Belém. Kwenye kitako kuna maandishi yanayosema imetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Katikati wamepiga magoti mitume kumi na wawili, wadogo wadogo, wamepakwa rangi za enameli.

Na kabla chombo hakijakamilika, 1505, Mreno Francisco de Almeida na merikebu zake alikwishapiga Kilwa na Mombasa na kuzipora. Huo ndio mpangilio wa miaka, kila mtu apime mwenyewe.

Haiko Belém siku hizi. Iko Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes, katikati ya Belém na mjini. Basi 714 linatoka Belém na kupita mtaa huohuo, kisha linaendelea hadi Praça da Figueira, kwa hiyo hamrudi nyuma hata hatua moja. Mkiingia msianze kuzunguka vyumba vyote. Ulizeni dawati la mbele, "Custódia de Belém?", watawaonyesha. Dakika arobaini zinatosha, na nyuma kuna bustani yenye mgahawa unaotazama mto.

Tahadhari moja: majengo haya yamekuwa kwenye ukarabati kwa zamu. Mnara wa Belém ulifungwa 2025 kwa kazi hiyo. Angalieni tovuti ya kila jengo siku moja kabla.

Nahodha_Ramani

Asante Bi Kisauni. Naongezea Belém palepale: kati ya monasteri na mto kuna barabara kubwa na reli. Msitafute pa kukatiza, kuna njia ya chini kwa waendao kwa miguu, inatokea karibu na mnara wa mabaharia, Padrão dos Descobrimentos. Mnara huu ni wa 1960, si wa kale kama unavyoonekana. Ulitanguliwa na mwingine wa muda wa 1940. Kupanda juu ni kwa kulipia na si lazima. Kitu chenyewe kiko chini ya miguu yenu: ramani ya dunia ya marumaru ndani ya duara la mita 50, zawadi ya Afrika Kusini, imechorwa merikebu na miaka. Pwani yetu mtaiona.

Upepo wa mto pale ni mkali hata kiangazi. Mwenye mtandio na mwenye kofia wote wajihadhari.

Mla_Samaki

Nimeona watu wanazunguka keki bila kuitaja. Duka ni Pastéis de Belém, tangu 1837, hatua chache kutoka monasteri. Foleni mnayoiona nje mara nyingi ni ya wanaobeba. Ndani kuna vyumba vingi vya kukaa, mamia ya viti, na foleni ya kukaa huenda haraka. Kundi kubwa likae ndani. Keki moja ni kama euro moja na nusu. Hesabuni mbili kwa kila mtu, kwa sababu atakayesema "moja inanitosha" atakula ya mwenzake. Mdalasini na sukari ya unga viko pembeni, nyunyiza mwenyewe. Iliwe ya moto. Ikipoa tabaka za unga zinalainika na ule utamu wa kukatika mdomoni unakwisha, ndiyo maana kubeba pakiti ya sita kurudi nayo London si wazo zuri sana.

Chakula cha mchana sasa. Jikoni za migahawa ya kawaida hufungwa kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa moja usiku. Mkikosa hapo mtaishia kwenye mitego ya Rua Augusta, mtaa wa watalii wa Baixa, ile yenye picha za chakula mlangoni na kijana anayewavuta mkono. Tafuteni ubao ulioandikwa prato do dia, chakula cha siku, kwenye mitaa ya nyuma.

Mkikaa, mhudumu ataleta mkate, zeituni na jibini bila kuulizwa. Si zawadi. Inaitwa couvert na inalipiwa. Msipogusa hamlipi, semeni mapema airudishe. Watu wanane wakigusa kila kisahani, bili imepanda kabla samaki hajafika.

mtoto_wa_Ilala

Na kwa sisi tusiokula kitimoto?

Mla_Samaki

Hapo muwe macho, Wareno wanakipenda. Bifana ni mkate wa kitimoto. Caldo verde inaonekana supu ya mboga tu lakini juu wanaweka kipande cha soseji ya nguruwe. Semeni "sem porco". Kwenye maandazi na keki ulizieni banha, mafuta ya nguruwe, kwa sababu baadhi ya mapishi ya zamani huyatumia. Kwa keki za Belém mapishi yenyewe ni siri, mwenye masharti aulize palepale kaunta. Samaki ndio salama: bacalhau ni samaki mkavu wa chumvi aliyelowekwa, na dagaa wakubwa wa kuchoma, sardinhas, ni wazuri kuanzia Juni.

Nyama halali ipo kwa wingi Martim Moniz, mtaa wa Rua do Benformoso, migahawa ya Wabangladeshi na Wahindi, bei nafuu kuliko Baixa. Msikiti Mkuu wa Lisbon uko karibu na Praça de Espanha, kwa wanaotaka kupanga Ijumaa.

Dada_Almada

Namna ya kupanda ngomeni bila kulipa wala kutoka jasho, maana Nahodha kasema "chombo" bila kukitaja.

Mkiwa Baixa, tafuteni Rua dos Fanqueiros, jengo namba 170 hadi 178. Ndani kuna lifti ya manispaa, bure. Inawatoa juu Rua da Madalena. Vukeni, pandeni kidogo mpaka Largo Chão do Loureiro, kwenye jengo lenye supamaketi chini na maegesho juu. Lifti ya pili, bure pia, inawafikisha Costa do Castelo. Kutoka hapo ni mwendo mfupi. Lifti ikiwa mbovu, basi 737 kutoka Praça da Figueira linafika karibu na lango.

Upande wa pili, Chiado: ingieni kituo cha metro cha Baixa-Chiado kwa mlango wa Rua do Crucifixo, pandeni ngazi za umeme zote bila kupita geti, mnatokea juu kabisa Chiado. Hakuna tiketi. Kutoka hapo tembeeni hadi Largo do Carmo, na nyuma ya magofu ya kanisa kuna njia inayofika juu ya lifti ya Santa Justa ya 1902. Mandhari ni ileile wanayopangia foleni watu walio chini.

Kuhusu zile behewa za kamba za mlimani: Elevador da Glória ilipata ajali 3 Septemba 2025 baada ya kamba kuchomoka, watu 16 walifariki, na nyingine zikasimamishwa kwa ukaguzi. Msiziweke kwenye ratiba bila kuhakikisha.

Magofu ya Carmo hufungwa Jumapili. Yaliachwa bila paa tangu tetemeko la 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa. Lilifuata wimbi la bahari, kisha moto. Ndiyo maana Baixa ina mitaa iliyonyooka kama rula, ilijengwa upya chini ya waziri wa mfalme, Marquês de Pombal, nyumba zikiwa na kiunzi cha mbao ndani ya kuta ili zitikisike bila kubomoka. Alfama ilinusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana vichochoro vyake bado havieleweki.

kipanga255

Ngome yenyewe inafaa euro zake? Nasikia ni kuta tupu.

Nahodha_Ramani

Kuta, tausi na mandhari. Ndani hakuna kasri la kifalme la kutembelea. Kiingilio ni zaidi ya euro kumi na tano. Kundi likigawanyika mawazo, wanaotaka waingie saa moja, wengine wasubiri Portas do Sol, ambako mandhari ya Alfama na mto ni bure. Machi hadi Oktoba inafungwa saa tatu usiku, majira ya baridi saa kumi na mbili jioni.

Mahali pa kukutana mkipotezana: sanamu ya mfalme José juu ya farasi, Praça do Comércio. Msiseme "tukutane Rossio". Kuna uwanja wa Rossio, kuna metro ya Rossio, na kuna stesheni ya treni ya Rossio ambayo metro yake ya karibu inaitwa Restauradores. Watu wanane wanaweza kusubiriana sehemu tatu na kila mmoja akaapa yuko Rossio.

Mla_Samaki

Na yule wa miwani ya jua anayenong'ona "hashishi" Rua Augusta? Kwa kawaida anachouza ni majani makavu ya jikoni yaliyosagwa. Msisimame.

Dada_Almada

Wezi wa mifukoni wako 28, 15E na kwenye foleni ya Santa Justa. Hufanya kazi mlangoni, wakati wa kusukumana kupanda. Simu mfuko wa mbele, begi kifuani. ATM: tumieni mashine zenye alama ya Multibanco kwenye kuta za benki. Zile za rangi kali madukani zina ada kubwa, na zikikuuliza kama utozwe kwa sarafu ya kwenu, kataa, chagua euro.

Viatu: mawe ya njia za miguu ni chokaa iliyolainika kwa miaka, mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Viatu vyenye soli ya mpira, si ngozi.

mtoto_wa_Ilala

Nikiwa na mama wa miaka 70, magoti hayako sawa, na rafiki mmoja mwenye kigari cha mtoto, hii ratiba inawezekana?

BiKisauni

Belém yote inawezekana, ni tambarare. Alfama kwa kigari, hapana, ngazi zitawatesa. Mama apande 737 au tuktuk. Bajaji zile nyingi ni za umeme, zinabeba hadi watu sita. Kubalianeni bei ya gari zima na muda kabla ya kukaa, si bei ya kichwa. Mshushwe Portas do Sol, mama akae na kahawa, wenye magoti mazima washuke Alfama na kupanda tena kwa 12E.

kipanga255

Jamaa zangu ni watu wa mpira. Kuna chochote zaidi ya uwanja wa Benfica?

Nahodha_Ramani

Waende Panteão Nacional, kuba jeupe mashariki ya Alfama. Eusébio, nyota wa zamani wa Benfica, mzaliwa wa Lourenço Marques, Maputo ya leo, amelazwa humo tangu 2015, jengo moja na mwimbaji wa fado Amália Rodrigues. Ikiwa ni Jumanne au Jumamosi, nyuma yake kuna mnada wa mitumba, Feira da Ladra, mwende kabla ya mchana.

mtoto_wa_Ilala

Swali la mwisho wakuu, tunafika Jumapili usiku. Siku yetu ni Jumatatu.

Nahodha_Ramani

Basi pindueni ratiba. Jumatatu Jerónimos, Makumbusho ya Sanaa za Kale na Panteão vyote vimefungwa. Ngome inafunguliwa saa tatu asubuhi, anzieni hapo kwa lifti za Fanqueiros, Alfama kabla ya joto, magofu ya Carmo mchana, na Belém iwe jioni: ramani ya marumaru, kuta za monasteri kwa nje na keki. Kama ndege yenu ni Jumanne mchana, wekeni mabegi stoo ya hoteli na mwende Janelas Verdes saa nne kamili wanapofungua.